Naomba mapendekezo ya michezo ya video ya watengenezaji huru, ya aina mbalimbali

Mtambwe

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Mimi niko Wete, na nina kompyuta mpakato ya mtumba yenye RAM ya gigabaiti 4, isiyo na kadi ya michoro ya peke yake, na betri yake ni dhaifu kiasi kwamba umeme ukikatika nayo huzima muda si mrefu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikicheza mpira wa kompyuta tu, na watoto wa dada yangu, ambao huja kwangu wakati wa likizo za skuli, nao hawaujui mchezo mwengine. Hivi karibuni nimeanza kusoma habari za michezo inayotengenezwa na mtu mmoja au kikundi kidogo bila ya kutegemea kampuni kubwa, na nimevutiwa kwa sababu mingi kati yake ni myepesi, bei yake si ya kutisha, na kila mmoja una fikra yake badala ya kurudia ule wa mwaka uliopita.

Shida ni kwamba iko maelfu kwa maelfu, na orodha ninazozikuta zimeandikwa na watu ambao hawajui bando linavyokwisha. Ningependa mnitajie mmoja au miwili katika kila aina, pamoja na sababu: ya kufikiri, ya hadithi, ya kuruka na kupambana, ya kutuliza akili, na angalau mmoja ambao watoto wawili wanaweza kuucheza pamoja kwenye skrini moja. Naomba pia izingatiwe mambo matatu: mchezo ukishawekwa uendelee bila ya intaneti, usiwe na kamari, na Kiingereza chake kisiwe kizito, kwani mdogo wao bado yuko darasa la tano.

fundi_mlandege

Wa alaykumu ssalaam, ndugu Mtambwe. Mimi natengeneza kompyuta, kwa hivyo nitaanza na jambo ambalo waandishi wa orodha hizo hawaligusi kabisa, nalo ni namna mchezo unavyohifadhi pale ulipofika. Kwa mtu wa visiwani hilo ndilo swali la kwanza, kabla ya michoro na kabla ya hadithi, kwa sababu umeme ukikatika bila ya taarifa kuna michezo itakayokurudisha dakika moja nyuma na kuna mengine itakayokunyang'anya jioni nzima.

Into the Breach ni mfano wa mchezo unaoheshimu muda wako. Umetengenezwa na Subset Games, kikundi kidogo ambacho kabla ya hapo kilitoa mchezo wa FTL mwaka 2012, na Into the Breach wenyewe ulitoka mwaka 2018. Unachezwa kwa zamu kwenye ubao wa miraba minane kwa minane, ukiwa na mashine tatu za vita dhidi ya wadudu wakubwa wanaotoka ardhini, na kinachoutofautisha na michezo mengine ya mbinu ni kwamba adui hukuonesha mapema atampiga nani na kutoka wapi. Hakuna bahati ya kulalamikia, au iko kidogo sana. Kazi yako ni kumsogeza, kumsukuma au kumzuia ili pigo lake liangukie pahala pasipo na watu, na mara nyingi pigo hilo humwangukia mwenzake, jambo ambalo linafurahisha kila linapotokea. Unaweza kuufunga katikati ya vita na kuendelea baadaye ulipoachia, unachukua nafasi ndogo kwenye diski, na kompyuta yako itauendesha bila ya taabu. Hadithi yake ni fupi na hata asiyesoma maelezo yote ataelewa kinachotakiwa.

Kwa upande wa kutuliza akili sina budi kuutaja Stardew Valley, ijapokuwa umeshatajwa na kila mtu. Eric Barone aliutengeneza peke yake kwa zaidi ya miaka minne, kuanzia programu hadi michoro na muziki, akautoa Februari 2016, na hadi mwisho wa mwaka 2024 nakala zaidi ya milioni 40 zilikuwa zimeuzwa. Unarithi shamba lililojaa magugu, unalima, unavua, unachimba madini na unajenga urafiki na watu wa kijijini. Mchezo huu huhifadhi pale tu mhusika wako anapolala, lakini siku moja ya ndani ni kiasi cha dakika 14 za saa yetu, kwa hivyo umeme ukikatika hasara ni siku hiyo moja tu. Tangu toleo la mwishoni mwa mwaka 2020 watu wawili wanaweza kuucheza kwenye kompyuta moja kwa kuigawa skrini, na hapo ndipo wapwa zako wanapoingia. Itakubidi utafute pedi ya kuchezea michezo, kwa sababu kugombania kibodi moja hakuna starehe. Kwa kuwa umeuliza kuhusu kamari, ni haki nikwambie kwamba mbali jangwani, baada ya kuendelea sana, mna jumba la kamari la kuigiza lenye sarafu zake, na kijijini kuna baa. Hulazimishwi kuingia jangwani kucheza, lakini mzazi ajue.

Katika kuruka na kupanda, chukua Celeste, wa mwaka 2018. Ni mgumu kwelikweli, lakini kila chumba ni kifupi, ukifa unarudi mwanzo wa chumba hicho hicho mara moja, na umewekewa njia ya usaidizi inayokuruhusu kupunguza kasi ya mchezo au kuondoa uwezekano wa kufa bila ya kukudharau. Wenyewe ulizaliwa kutokana na mchezo mdogo ambao Maddy Thorson na Noel Berry waliutengeneza kwa siku nne, na huo mdogo bado unachezwa bure ndani ya kivinjari. Anza na huo. Ukikupendeza, nunua mkubwa, na ukikukera umeokoa pesa zako.

Wengi watakuja hapa kukwambia ununue Hollow Knight. Ni mchezo mzuri sana, kazi ya watu wachache wa Adelaide, Australia, na ule uliofuata, Silksong, ulipotoka Septemba 2025 maduka makubwa ya mtandaoni yalizidiwa na wanunuzi. Lakini unahitaji kiasi cha gigabaiti 9 za nafasi, huhifadhi hasa unapokaa kwenye mabenchi yaliyotawanyika mbalimbali, na kwa kompyuta isiyo na kadi ya michoro huenda ukakwama pale unapohitaji wepesi zaidi. Uache mpaka utakapobadilisha mashine.

Bi_Shangani

Kaka fundi ameeleza vizuri, ila amepita mbali na hadithi, na amelisahau suala la lugha. Mimi nafundisha watoto, na nimeona kwamba michezo inayowashika wasiojua Kiingereza vizuri ni ile isiyo na maneno kabisa, si ile yenye maneno mepesi.

Wa kwanza ni Machinarium, uliotolewa mwaka 2009 na kikundi cha Amanita Design cha Jamhuri ya Czech. Ni kuhusu roboti mdogo aliyetupwa jaani nje ya mji na anayetaka kurudi ndani, na wahusika wote huzungumza kwa picha zinazotokea juu ya vichwa vyao. Mtoto wa darasa la tano na mtu mzima wanauelewa kwa kiwango kimoja, na mara nyingi mtoto hutangulia kuliona jibu. Upo hata kwa simu. Wa pili ni Gorogoa wa mwaka 2017, ambao Jason Roberts aliuchora kwa mkono. Unapewa fremu nne tu, na ndani ya kila fremu kuna picha ambayo unaweza kuikuza, kuitenganisha au kuiweka juu ya nyengine, hadi mlango uliomo katika picha moja ukawa njia ya kuingilia picha ya pili. Ni mfupi, unamalizika kwa jioni moja au mbili, na kuna watu watakaosema kwamba bei yake haistahiki kwa saa hizo chache. Mimi sikubaliani nao. Mchezo unaojua wakati wa kumalizika ni bora kuliko unaokuburura.

Kwa ajili yako mwenyewe, ndugu Mtambwe, si kwa watoto, ningekushauri kwa nguvu zote Return of the Obra Dinn wa mwaka 2018, kazi ya Lucas Pope, Mmarekani anayeishi Japani. Mwaka ni 1807, na jahazi la biashara lililopotea baharini limerudi Uingereza bila ya mtu aliye hai. Wewe ni mkaguzi wa bima wa Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, na umepewa daftari lenye majina ya watu 60 pamoja na saa ya ajabu ambayo, ukiifungua mbele ya maiti, hukuonesha papo hapo alipofariki na kukusikilizisha maneno ya mwisho yaliyosemwa. Lazima utambue kila mmoja ni nani na kilimpata nini. Hakuna anayekwambia. Utatambua baharia kwa lafudhi yake, kwa nguo zake, kwa nambari iliyoandikwa kwenye machela anayolalia, au kwa sababu tu alikuwa amesimama karibu na seremala. Mchezo huthibitisha majibu matatu kwa pamoja yakiwa sahihi, kwa hivyo kubahatisha hakukufikishi mbali. Michoro yake yote ina rangi mbili tu, na mwanzoni macho huchoka, kisha unaizoea kabisa.

Kwa sisi tuliokulia karibu na bandari, ambao tumezoea kusikia Wahindi, Waarabu na Wazungu wakitajwa katika habari moja ya chombo kimoja, jahazi hilo lenye mabaharia wa mataifa mengi lina ladha ya pekee. Lakini lina vifo vya kutisha, na Kiingereza chake lazima ukisikilize kwa makini.

Undertale wa Toby Fox, wa mwaka 2015, nautaja kwa ufupi: ni mchezo wa mapambano ambao unaweza kuumaliza bila ya kumuua adui hata mmoja, na mchezo wenyewe unakumbuka uliyoyafanya. Maneno ni mengi, kwa hivyo umkalie mtoto pembeni.

baraza_la_bao

Into the Breach uliotajwa hapo juu ni bao. Sisemi kwa mzaha. Anayejua kuhesabu kete zitakapoishia kabla hajashika shimo atauweza mchezo huu kwa haraka kuliko kijana aliyezoea kufyatua risasi, kwa sababu kila kitu kiko wazi mbele ya macho na anayeshindwa ameshindwa kwa hesabu. Baba yangu mdogo, ambaye hana subira na kompyuta hata kidogo, aliuchezea kwangu mpaka adhuhuri.

Kwa wenye simu, Mtambwe, watazame Shattered Pixel Dungeon. Kwa simu za Android ni bure, hauna matangazo, hauhitaji intaneti, na programu yake iko wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma. Utakufa mara nyingi ndani ya mapango yake, kwani kila safari hupangwa upya.

Chwaka_Pwani

Kwa kuwa mpira ndio mnaoujua, nadhani watoto wangeanza kwa Retro Goal wa New Star Games, upo kwenye simu, una picha za vinukta kama za zamani, na mechi moja haichukui muda. Msiuchanganye na New Star Soccer wa kampuni hiyo hiyo. Huo ulisifiwa sana na mwaka 2013 ulishinda tuzo ya BAFTA ya michezo ya spoti, lakini ndani yake mchezaji wako anaweza kwenda kasino, jambo ambalo ndugu yetu hakulitaka.

Na kwa aina ya karata, hakuna unaofikia Balatro. Ulitengenezwa na mtu mmoja wa Kanada anayejiita LocalThunk, ulitoka Februari 2024, na ndani ya mwezi wa kwanza uliuza nakala milioni moja. Ni mdogo sana, hata kompyuta kongwe inaubeba.

Bi_Shangani

Ndugu Chwaka, mwenzetu amesema waziwazi hataki kamari, na wewe unamletea poka!

Chwaka_Pwani

Dada yangu, swali lako ni la haki, na lilishaulizwa hata Ulaya. Shirika la PEGI, linaloweka viwango vya umri, liliupa Balatro daraja la miaka 18 Machi 2024 kwa sababu ya picha zake za poka, kisha Februari 2025, baada ya rufaa, likaushusha hadi miaka 12. Ndani yake huweki dau, hakuna pesa inayoshindaniwa, na hakuna kitu cha kununua kwa pesa halisi baada ya kuununua mchezo wenyewe. Unapanga karata ili upate pointi, na unakusanya karata maalumu zinazobadilisha hesabu hizo. Mtengenezaji mwenyewe aliwahi kueleza kwamba ameandika katika wasia wake kuwa haki za mchezo huo zisiuzwe wala zisikodishwe kwa kampuni yoyote ya kamari. Kwa maoni yangu hiyo si kamari, bali ni hesabu iliyovaa nguo za karata.

Bi_Shangani

Nakubali kuwa hakuna dau, na sikusema kwamba ni haramu, kwani hilo si kazi yangu. Ninachosema ni kwamba mtoto wa miaka kumi anayejifunza majina na mpangilio wa mikono ya poka nyumbani kwa mjomba wake atayatumia ujuzi huo pahala pengine siku moja. Kwa ladha hiyo hiyo ya kujenga fungu la karata upo Slay the Spire, uliokamilika mwaka 2019, ambao karata zake ni za kupiga na kujikinga na hazina uhusiano wowote na poka. Huhifadhi kila unapoingia chumba kipya, kwa hivyo hata kaka fundi atauridhia.

Mkoani_Kusini

Wapemba wenzangu wataujaribu tu mchezo wa uvuvi, kwa hivyo niutaje: Dredge, wa Black Salt Games ya New Zealand, uliotoka mwaka 2023. Mchana unavua na kuwapanga samaki ndani ya ngama, kila samaki na umbo lake, mpaka nafasi iishe, na usiku ukikukuta nje ukungu unaleta mambo ambayo sitayasimulia hapa. Mvuvi wa kweli atalalamika kwamba bamvua na maji mafu hayana kazi yoyote ndani yake, lakini khofu ya kuchelewa kurudi bandarini wameipata sawasawa. Kwa kompyuta ya Mtambwe ni mzito, na watoto wadogo wasionyeshwe usiku.

Nataka pia kuuliza: hakuna hata mmoja wa Kiswahili?

fundi_mlandege

Upo. Tales of Kenzera: ZAU, wa Aprili 2024, unaweza kuwekwa sauti za wahusika kwa Kiswahili. Uliongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeutunga kutokana na msiba wa baba yake, na ni mchezo wa kuruka na kupambana ukiwa mganga kijana mwenye vinyago viwili, kimoja cha jua na kimoja cha mwezi. Wapo wanaobisha kuuita wa watengenezaji huru kwa sababu ulichapishwa na kampuni kubwa ya EA, na ubishi kama huo uliwahi kutokea mwaka 2023 pale Dave the Diver, uliotoka katika tawi la kampuni kubwa ya Nexon, ulipopendekezwa kuwania tuzo ya mchezo huru. Mimi naona studio iliyoutengeneza ni ndogo na fikra ni ya mtu mmoja, hilo linanitosha. Kwa bahati mbaya RAM ya gigabaiti 4 haiuwezi.

Mtambwe

Nimenufaika sana, Mwenyezi Mungu awalipe. Nimeamua kuanza na Into the Breach kwa ajili yangu, Machinarium kwa watoto, na Stardew Valley wakija wote wawili. Obra Dinn nitaungojea likizo ikishakwisha na nyumba imetulia. Balatro nimeuacha, si kwa ubishi, ila dada yangu asingenielewa. Swali la mwisho: naweza kuipakua kwa rafiki mwenye intaneti nzuri Chake Chake nikaja nayo kwa flashi, na nitalipaje?

fundi_mlandege

Unaweza, ikiwa utanunua katika duka la mtandaoni la GOG. Duka hilo hukupa faili la kusakinisha lisilo na kufuli, unalihifadhi kwenye flashi na kulitumia nyumbani bila ya kuunganisha intaneti, na yote mitatu uliyoitaja iko huko pamoja na Obra Dinn. Steam, duka jengine la mtandaoni, ni tofauti kidogo: lazima programu yake iwe kwenye kompyuta yako mwenyewe na uingie kwanza ukiwa na intaneti, ndipo uichague hali ya nje ya mtandao. Faida ya Steam ni kwamba hurejesha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa mbili. GOG nao hurejesha ndani ya siku 30.

Kulipa, tumia kadi ya mtandaoni inayofunguliwa kupitia pesa za simu, na weka humo kiasi cha mchezo tu. Usinunue leo kama si lazima, kwa sababu maduka yote mawili hupunguza bei kwa misimu na michezo ya miaka hiyo hushuka sana.

Kabla ya yote, angalia Windows yako ni ya ngapi. Kompyuta nyingi za mtumba ninazoletewa bado zina Windows 7, na Steam iliacha kuihudumia tangu tarehe 1 Januari 2024. Ikiwa ndivyo, bakia na GOG, usome mahitaji ya kila mchezo kabla ya kulipa, na umwombe rafiki yako wa Chake Chake akupakulie matoleo ya zamani pale yanapopatikana.